Sakafu Kabla ya Nguzo

1 Juni. Mvua.
Naanza kuandika humu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Viatu vya ngozi nilivyokuja navyo vimeota ukungu wa kijani. Bibi amevitazama akasema, "Hivyo sasa ni mboga." Ni mvua za plamu, za majira matunda hayo yanapoiva, na kwa maelezo yake hazikatiki mpaka zenyewe zichoke.

3 Juni. Mvua.
Niseme kweli, maana daftari halicheki. Nina miaka kumi na mitano na najifunza kuandika pamoja na watoto wa miaka saba.

Prato, kule Italia nilikozaliwa, nilisoma Kitaliano siku tano za wiki. Kichina nilisoma Jumamosi asubuhi, saa ambayo hata mwalimu alikuwa anasinzia. Herufi nilizijua kwa sura, kama unavyomjua jirani. Kama jirani huanza na shati au na suruali, sikuwahi kujali. Ndiyo maana wazazi wamenileta huku China, milimani kwa Bibi, mwaka mmoja, "ninyooke mkono".

Anayeninyoosha ni Babu Lei, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini. Watoto wakitoka shule huja kwake, nami huketi nyuma yao, magoti yakinigusa kidevu. Kwanza tunaandika hewani. Tunainua vidole na kuimba: "Mlalo! Wima! Teremka kushoto! Teremka kulia! Nukta!" Vidole kumi na viwili vifupi, na kimoja kirefu kama mlingoti. Hicho ni changu.

Leo tumeandika herufi ya "nchi", ambayo ni boma lenye kito ndani. Mimi nilichora boma lote, nikalifunga, ndipo nikaweka vya ndani. Mbele yangu hukaa msichana anayeitwa Doudou, hana meno mawili ya mbele lakini macho anayo. Akageuka.

"Babu Lei! Dada Mkubwa kafunga mlango, wageni wako nje wananyeshewa!"

Darasa zima likacheka. Babu Lei akaja, akainama juu ya daftari langu, akanusa kama mtu anayekagua samaki.

"Waingie kwanza, mjukuu wangu, ndipo ufunge."

"Lakini mwishoni zinafanana," nilinong'ona.

"Mtu akivaa soksi juu ya kiatu, mwishoni vyote viko mguuni."

4 Juni. Mvua.
Herufi kumi, makosa kumi na moja. Hilo la kumi na moja sijui alilitoa wapi.

7 Juni. Manyunyu.
Mitihani ya kuingia chuo kikuu imeanza, na mji mzima umeagizwa kunyamaza. Magari hayapigi honi. Hata kundi la Bibi, Machweo Mekundu, ambalo licha ya jina lake hucheza saa kumi na mbili asubuhi, limezima spika. Nilikwenda kuwaona chini ya daraja, wanakojificha mvua. Wanawake thelathini wenye mvi wanarusha mikono kwa pamoja, kimya, bila hata mluzi. Mbwa mmoja alikuja, akatazama, akakimbia.

Bibi alikuwa mbele. Ameongoza miaka kumi na moja. Hapo mbele hageuki nyuma hata mara moja, kwa sababu anajua wanafuata.

10 Juni. Mvua.
Kuna maasi. Bibi Pan wa ghorofa ya nne anataka uchaguzi. Anasema tunacheza ngoma zilezile tangu mjukuu wake azaliwe, na mjukuu wake sasa ana masharubu.

"Uchaguzi!" Bibi alikatakata kitunguu kama ndicho kilichogombea. "Mimi kiti sikukililia. Mimi nilisukumiwa. Lakini akitaka uchaguzi, atapata uchaguzi mpaka aumwe tumbo."

12 Juni. Mvua.
Balaa. Wametafuta mtu wa kuandika kura ukutani, asiye mwanachama na asiye na upande. Bibi amenitaja mimi. Bibi Pan amekubali papo hapo: "Huyo anafaa. Hana rafiki hata mmoja."

Nilijaribu kukataa. Kukataa kunahitaji kufungua mdomo mbele ya watu, na mbele ya watu ulimi wangu hugeuka sufi.

15 Juni. Mvua kubwa.
Naandika kabla ya chakula cha mchana. Nitaandika kwa utaratibu, angalau leo.

Tulikusanyika ukumbi wa mtaa. Ukutani kulikuwa na karatasi mbili nyekundu, moja ya Bibi, moja ya Bibi Pan. Kura zilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Nilizihesabu kwanza kama nilivyoagizwa. Zilikuwa ishirini na tisa. Wanachama ni thelathini. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu.

Kura huandikwa kwa ile herufi ya "sawasawa", darasani, kijijini, popote. Ina mistari mitano, na kila kura ni mstari mmoja. Kwanza dari, kisha nguzo ya katikati, kisha mkono mfupi wa kulia, kisha kiguu kifupi cha kushoto, na mwisho sakafu. Hakuna anayehesabu mistari. Watu hutazama chini: sakafu ikiwepo, tano zimetimia.

Mimi siandiki hivyo. Tangu Prato naanza na dari, halafu sakafu, ndipo nazijaza za katikati, kwa sababu ilionekana kama nyumba, na nyumba isiyo na sakafu ilinitia wasiwasi. Babu Lei hajawahi kulikamata kosa hilo kwa kuwa ni herufi rahisi mno. Watoto wake waliimaliza mwaka jana.

Doudou alikuwa anachomoa kura, mama yake akisoma jina. "Yindi!" Huyo ni Bibi. Mstari. "Pan!" Mstari. "Pan!" "Yindi!" Nyuma yangu macho sitini, nikayahisi shingoni kama mchwa. Sikukumbuka soksi wala kiatu. Mkono ukaenda ulikozoea.

Kopo likaisha. Bibi Pan alikuwa na nyumba tatu kamili. Bibi alikuwa na mbili kamili, na ya tatu yenye dari, sakafu, nguzo na mkono. Kiguu hakikuwepo. Kumi na nne.

Babu Lei alikuwa ameitwa kama mtu wa heshima kutangaza. Miwani yake ilijaa mvuke, akaivua, akaifuta kwa shati lililolowa, akaivaa ikiwa mbaya zaidi. Akaisogelea karatasi. Wino ulikuwa umeshaanza kutambaa kwa unyevu. Akahesabu sakafu.

"Tatu kwa tatu! Kumi na tano kwa kumi na tano! Thelathini kamili!"

Wakapiga makofi. Jumla ilikuwa nzuri mno kuwa na kosa. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, na kiguu kimoja kisichoandikwa kooni.

Walikuwa wamekubaliana mapema kwamba kura zikilingana, aongoze mkubwa kwa umri. Sasa, Bibi ana miaka sitini na sita. Amekuwa nayo tangu nilipokuwa darasa la saba. Bibi Pan alitabasamu. "Mimi sitini na nane, Dada Yindi. Pole."

Bibi akafungua pochi taratibu, akatoa kitambulisho, akakipigisha mezani kama karata. Sitini na tisa.

"Yindi! Wewe si ulituambia sitini na sita?"

"Ile ilikuwa ya mtaani," alisema Bibi. "Hii ni ya serikali."

16 Juni. Mvua.
Bibi amebandika karatasi yake nyekundu juu ya friji. Ninakula nikiitazama. Nayo inanitazama.

17 Juni. Mvua.
Mama amepiga simu kutoka Prato. Bibi alimsimulia ushindi mara mbili, na mara zote mbili kura ziliongezeka.

19 Juni. Mvua, kisha mvua nyingine.
Bibi Pan ametuletea kikapu cha matunda ya yangmei kutoka shamba la kaka yake, mekundu karibu meusi, yenye vipele kama ulimi wa paka. "Mpe Ruolan. Ameandika vizuri sana siku ile, herufi zimenyooka."

Nilitaka kuingia ndani ya kikapu.

Bibi aliyaloweka kwenye maji ya chumvi ili vidudu vitoke. Vikatoka, vyeupe, vidogo, vikitikisa viuno. "Tazama," alisema. "Hata wadudu wa kwao wanajifanya wanacheza."

Nilikula ishirini na moja. Yalikuwa matamu na kila moja lilinisuta.

22 Juni. Mvua.
Nilikuwa napanda ngazi na takataka... hapana, nilikuwa nashuka. Juu yangu nikasikia kitu kinakwaruza. Nikachungulia. Bibi Pan alikuwa peke yake kwenye kituo cha ngazi, kati ya baiskeli mbovu na gunia la mchele, anacheza. Hakuna muziki. Ananong'ona, "Moja, mbili, geuka, tatu, nne, mkono." Amekosea, akarudi mwanzo. Amekosea tena, akarudi. Ngoma yenyewe sijawahi kuiona, na ni nzuri. Alikuwa ameiandaa kwa ajili ya uongozi.

Karibu wiki mbili nimemhesabu kuwa adui wa nyumba yetu. Adui gani anafanya mazoezi na slipa za ndani?

24 Juni. Mvua.
Babu Lei alipanda kuazima chumvi. Bibi hakuwepo. Akasimama mbele ya friji muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji. Leo miwani yake ilikuwa safi.

"Sakafu kabla ya nguzo," alisema.

Nikaendelea kutafuta chumvi.

"Wino hausemi uongo. Hapa nguzo imepita juu ya sakafu. Na hapa pia. Nyumba hii ya tatu ina miguu mingapi?"

Nikalia. Nilimweleza yote, kopo, ishirini na tisa, macho sitini. Nilitegemea kuchapwa rula. Badala yake aliketi kwenye kigoda cha Bibi na ghafla akaonekana mzee kweli.

"Wewe uliandika vibaya, mimi nikasoma vibaya. Kosa moja peke yake lisingefika popote. Miaka arobaini na mmoja nimefundisha, na nimedanganywa na herufi ya darasa la kwanza."

"Bibi atanichukia."

"Labda kidogo."

"Siwezi kusema mbele yao, Babu. Sauti haitoki."

Akafikiri. Kila asubuhi kukiwa na jua, yeye na wazee wenzake huandika kwa maji juu ya mawe ya uwanja, kwa brashi ndefu kama ufagio. Maandishi hukauka, wanaandika tena. "Basi usiseme," alisema. "Andika. Mimi nitasimama kando yako, maana na aibu yangu imo. Ila brashi utashika wewe."

Aliondoka bila chumvi.

26 Juni. Mvua.
Sikutaka kungoja jua. Nilikwenda na brashi chini ya daraja wakati wanacheza, nikaanza kuandika mbele ya miguu yao. Dari. Sakafu. Hakuna kilichoonekana. Hewa ni nzito kiasi kwamba saruji yenyewe inatoka jasho, maji juu ya maji. Nikasugua kwa nguvu zaidi.

"Mtazameni huyu mtoto!" mmoja akasema. "Anatupigia deki!"

"Yindi, umelea!"

"Na hapa kwangu, mwanangu, pana utelezi."

Nilipiga deki mpaka nguzo ya nne ya daraja. Bibi alikuwa anameremeta kwa fahari. Babu Lei alikuwa ametazama mto.

27 Juni. Mvua.

28 Juni. Mvua. Doudou ameng'oka jino la tatu.

29 Juni. Mvua. Bibi amekataa ngoma ya Bibi Pan bila kuiona. "Akiwa kiongozi ataleta zake."

30 Juni. Mvua. Nimeandika "sawasawa" mara mia mbili kwa utaratibu wake. Mkono umekubali. Umekubali wakati haisaidii tena.

1 Julai. Mvua. Nimeanza kuipenda mvua, na hilo ndilo la kuogopesha. Kila asubuhi naamka, nasikia bati linapigwa, nafurahi. Mimi ni mwoga kumbe, si mwenye haya tu. Nilidhani ni kitu kimoja.

3 Julai. JUA.
Saa kumi na mbili uwanjani, mawe yamekauka, meupe. Bibi mbele, spika kwenye kigari, safu tatu nyuma yake. Babu Lei alinikabidhi brashi na ndoo. Nikatembea mpaka katikati, kati ya Bibi na safu ya kwanza, nikaweka brashi chini.

"Ruolan, leo hatuhitaji deki," Bibi alisema. "Kumekauka."

Niliandika nyumba mbili kamili, kubwa, kila moja kama meza. Kisha ya tatu. Dari. Sakafu. Nguzo. Mkono. Nikaacha.

Muziki uliendelea, miguu ikasimama mmoja mmoja. Jua lilikuwa kali tayari, na hapo likatokea jambo ambalo sikulipanga. Nyumba ya tatu ikaanza kukauka kwa utaratibu niliouandika. Dari ikafifia, halafu sakafu, na nguzo na mkono vikabaki vinang'aa hewani, havina pa kusimama.

"Sakafu imekwenda mapema," alisema Bibi Pan polepole. Mama aliyelea watoto watatu mpaka sekondari anajua mstari upi huandikwa mwisho, na kwa hiyo hukauka mwisho.

"Sauti sasa," Babu Lei akaninong'oneza. "Kidogo tu."

"Zilikuwa... zilikuwa kumi na nne," nilisema. "Za Bibi. Sikumaliza herufi. Niliweka sakafu kwanza. Kura zilikuwa ishirini na tisa."

"Haiwezekani, tuko thelathini!"

"Hee, ngojeni," alisema Bibi Zhan kutoka safu ya nyuma. "Mimi siku ile nilikuwa kwa daktari wa meno." Akafungua mdomo kuonyesha, na jino jipya likawaka juani. "Nilishangaa nyote mnasema thelathini. Nikadhani kuna mtu kanipigia."

"Nami nilitangaza bila kuona," alisema Babu Lei, akainamisha kichwa mbele ya wanawake ambao nusu yao aliwafundishia watoto.

Bibi alikwenda kwenye kigari, akazima muziki kwa mkono wake. Akachukua kidude cha kuendeshea spika, akatembea juu ya maandishi yangu mpaka kwa Bibi Pan.

"Kura yangu nilikupa wewe," alisema. "Kwa adabu. Mtu hajipigii. Yako ulimpa nani?"

Bibi Pan akawa mwekundu kuliko yangmei. "Nilijipa."

"Kwa hiyo umeshinda kwa kukosa adabu."

"Nimeshinda, Dada."

Bibi akampa kidude. Kisha akaenda nyumbani, bila mwavuli, bila mimi.

4 Julai. Jua.
Bibi haongei nami. Anaongea na sufuria. "Sufuria, mwambie huyo msichana wali umeiva."

5 Julai. Jua.
"Sufuria, muulize kama anataka yai." Nilisema nataka. Yalikuja mawili. Karatasi nyekundu imeondoka juu ya friji.

6 Julai. Mawingu.
Babu Lei amenipandisha darasa. Sasa nakaa na wa miaka minane. Doudou alilia, akasema sasa nani atawafungia wageni nje.

8 Julai. Mvua fupi.
Asubuhi Bibi hakutoka. Kutoka dirishani spika ilisikika ikipiga ngoma ile ya kwenye ngazi. Bibi alikuwa anakosha kabichi. Mguu wake wa kushoto ukaanza kupiga sakafu, akautazama, ukaacha.

"Ilikuwa rahisi kunyamaza," alisema, si kwa sufuria.

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi ningenyamaza." Akakamua kabichi kwa hasira mpaka ikawa karatasi. "Usimwambie mama yako. Tena kesho kutwa tunakwenda uwanjani wote wawili. Siendi kusimama nyuma peke yangu kama ndoo."

10 Julai. Jua kali, mvua zimekwisha.
Safu ya tatu. Bibi kushoto kwangu, Bibi Zhan mwenye jino kulia. Mbele, Bibi Pan amevaa kofia mpya na mgongo umemkakamaa kwa hofu. Sikujua kwamba hofu huonekana hivyo ukiwa nyuma yake. Nilijua utaratibu wote wa ngoma, kwa sababu nilikuwa nimeuchungulia ngazini. Moja, mbili, geuka.

Wote wakageuka kulia. Bibi akageuka kushoto, akagonga kikapu cha mtu.

"Dada Yindi," Bibi Pan aliita bila kusimamisha muziki, "hapo tunageuka kulia!"

"Miaka kumi na moja," Bibi akajibu, "upande niliogeukia mimi ndio uliokuwa wenyewe."

Wimbo ukarudi mwanzo. Moja, mbili, geuka. Bibi akageuka kushoto tena, safari hii kwa makusudi, kidevu juu. Na pembeni mwa jicho nikaona Bibi Zhan naye amegeuka kushoto. Na wa pembeni yake. Na kule mwisho wa safu ya pili wawili, watatu, bila kufikiri, kama maji yanavyofuata mtaro wa zamani. Bibi Pan alikuwa ametazama mbele, haoni kitu. Midomo yangu ikaanza kusogea yenyewe: nne, tano, sita...

Bibi akanipiga kiwiko cha mbavu.

"Wewe," alisema, macho mbele, "usihesabu."